Nyumba Iliyopakwa Rangi kwa Ajili ya Wageni

Swali la tatu kwenye fomu lilikuwa jina la msanifu. Nilikuwa nimekaa na mama mdogo kwenye veranda yake, pale mtaani Jabe, nyuma ya soko, fomu nimeiweka juu ya goti na kalamu haitaki kuandika vizuri.

"Mama mudogo, hii nyumba nani aliichora?"

"Kuchora namna gani?"

"Kwenye karatasi. Mbele ya kujenga."

"Hakukuwa karatasi. Baba mukwe alipima na kamba. Akasema hapa mulango, hapa chumba ya watoto. Akaanza."

"Wanataka jina."

"Andika jina yake basi."

"Yeye alikuwa fundi. Hawa wanauliza arshitekti."

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza nyumba yake ina meno mangapi. "Nyumba imesimama myaka yote hii bila arshitekti. Andika vile: imesimama."

Sikuandika hivyo. Niliacha nafasi wazi, na hadi leo naamini nafasi ile iliyo wazi ilituumiza kabla hata mtu hajafika kuiona nyumba.

Fomu ilitoka kwa kamati iliyopewa kazi ya kuchagua majengo ya mji yatakayolindwa kama ya kihistoria. Jengo likiingia kwenye orodha, halibomolewi. Kwa wengine hilo lilikuwa jambo la kusoma na kusahau. Kwa mama mdogo lilikuwa kila kitu, kwa sababu barabara ya nyuma ya soko ilikuwa inapanuliwa na nyumba za upande wetu zilikuwa tayari zimepigwa msalaba mwekundu ukutani. Upande wa pili kulikuwa na kiwanja kitupu ambapo watu wanaegesha pikipiki. Wapimaji wa barabara wenyewe walituambia kwamba nyumba yetu ikiwa kwenye orodha, barabara itasogea kidogo upande wa kile kiwanja, basi. Mama mdogo alikuwa amekaa katika nyumba ile tangu alipoolewa. Alizika mume akiwa humo. Vyumba vya nyuma aliwapangisha wanawake wa Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, walioleta vitenge na kurudi na sabuni, na ndivyo alivyoishi.

Mimi sikuishi pale. Kazi yangu ni kusindikiza mizigo ya watu, leo Rumonge, kesho Uvira, na hata nikiwa sina mzigo siwezi kukaa. Natembea. Nikiwa mjini natembea kutoka bandarini hadi kule juu Kiriri, bila sababu, nikiangalia nyumba. Najua wapi palikuwa na sinema na leo pana duka la simu. Najua ukuta gani una tangazo la sigara chini ya rangi tatu. Ndiyo sababu niliposikia kuhusu kamati nilikwenda mwenyewe kuomba fomu. Nilijiona mtu anayefaa.

Jengo la kwanza kabisa kwenye orodha yao lilikuwa villa moja ya Kiriri, ya wakati wa Wabelgiji. Ina kibao cha shaba karibu na geti, kina jina la msanifu na jina la bwana mkubwa aliyekaa humo. Ni nyumba nzuri, siwezi kusema uongo. Ina paa la vigae vyekundu, ambavyo hapa kwetu tunaviita mategura, na veranda ndefu inayotazama ziwa lote mpaka milima ya Kongo.

Villa ile naijua tangu utoto. Baba mkwe wa mama mdogo, ambaye sisi watoto wote tulimwita babu, alikuwa mmoja wa mafundi walioijenga. Jumapili moja alinipandisha hadi kule kwa miguu, tukasimama nje ya ua, akanionyesha kona ya nyumba kwa fimbo yake. "Ile kona ni yangu," alisema. "Ya pili ni ya mutu mumoja wa mukoa wa Ngozi. Angalia vizuri utaona yake imepinda." Mimi sikuona kilichopinda, lakini nilikubali.

Wakati wa kujenga, tegura lenye ufa au lililoiva vibaya msimamizi alikuwa analikataa. Babu aliomba yale yaliyokataliwa. Kila jioni alishuka mlima na mategura mawili matatu kichwani, mpaka Jabe, akayapanga nyuma ya kibanda alichokuwa amepanga. Matofali aliyachoma mwenyewe. Ilimchukua miaka mingi, na alipomaliza alikuwa na nyumba ndogo yenye paa lile lile la Kiriri, lenye nyufa alizoziba kwa saruji. Alikuwa anasema yeye na Mzungu waligawana paa moja. Mvua ikinyesha sana tuliweka masufuria sehemu nne, tulizijua bila kutazama juu.

Hayo yote niliyaandika. Fomu iliacha mistari miwili kwa historia ya jengo. Mimi niliongeza kurasa tatu za daftari. Kulikuwa na swali kama mtu mashuhuri aliwahi kuishi katika jengo. Nililisoma kwa sauti, na mpangaji mmoja, mama mnene wa Uvira aliyekuwa anakunja vitenge pale sakafuni, hakuinua hata macho.

"Andika mi," alisema. "Kule mupakani wote wananijua, hata wale ba dwane wa ushuru."

"Wanakujua sababu unawakimbia," mama mdogo akamjibu.

"Si ndiyo kujulikana?"

Tulicheka. Niliandika hakuna.

Nilipeleka fomu mwenyewe. Aliyeipokea alikuwa mwanamke kijana, mtaalamu wa majengo, mwenye miwani na meza ndogo iliyojaa mafaili. Alisoma kurasa zangu tatu mbele yangu, zote, jambo ambalo sikulitegemea. Akasema wengi huleta fomu za majumba ya wakubwa na hajapata hata moja ya fundi. Akasema watakuja kuiona, yeye na wajumbe wawili wa kamati, na akanipa siku.

Nilirudi Jabe nikiwa kama nina homa ya furaha. Nakumbuka maneno niliyomwambia mama mdogo, kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Nilisema: "Kamati inakuja. Ni watu wakubwa. Wataangalia nyumba yote, ndani na nje." Nikamwambia na siku. Kisha nikachukua mzigo wa kwenda Nyanza-Lac, maana bado kulikuwa na karibu mwezi mzima na mimi nilikuwa nimechoka kusubiri kabla ya kuanza kusubiri.

Mzigo ulikwenda vizuri. Kurudi ndiyo ilikuwa shida. Mafuta yalikuwa yameadimika tena, magari yamepanga foleni kwenye kituo mpaka madereva wanafua nguo zao pale barabarani. Siku zikapita. Nilipiga simu, binamu yangu, binti wa mama mdogo anayekaa Kibenga, akapokea kwa furaha sana.

"Usijali, kaka," akasema. "Tuko tunatengeneza. Watoto wote wa nyumba tumechanga. Hata wapangaji."

"Mnatengeneza nini?"

Mtandao ukakatika. Nilidhani wanatengeneza chakula. Kwa nini nisidhani hivyo? Wageni wanakuja, watu wanachanga, watu wanapika.

Nilifika asubuhi ya siku yenyewe, juu ya gari la ndizi, na nikashuka sokoni nikiwa nimechafuka. Nikapinda kona. Nikaipita nyumba. Naandika hivi bila kutia chumvi: niliipita, nikafika kwa jirani, nikarudi.

Matofali ya babu hayakuonekana tena. Yalikuwa yamepigwa lipu laini na kupakwa rangi ya samawati. Madirisha ya mbao yenye mabawa yalikuwa yameondolewa, yamewekwa ya chuma na vioo vyeusi. Sakafu ya veranda ilikuwa imewekwa makaro, vigae vyeupe vinavyong'aa kama vya hospitali. Juu, paa lilikuwa la mabati mapya, ya rangi ya samawati pia.

Sehemu moja tu ya ukuta ilikuwa haijaguswa. Fundi alikuwa ameogopa ule msalaba mwekundu, maana ni alama ya serikali, akapiga lipu kuuzunguka. Basi pale katikati ya ukuta mpya kulikuwa na mraba wa matofali ya zamani wenye msalaba ndani, kama picha iliyotundikwa.

Mama mdogo alitoka amevaa vitambaa vyake vya harusi za watu, kilemba kimekaa sawasawa.

"Umeona?" alisema.

Nilitazama juu, kwenye mabati.

"Hata masufuria ya mvua nimetupa. Haivuji tena. Babako mudogo angeona hii."

"Mategura yako wapi, mama mudogo?"

"Mategura gani?"

"Ya babu. Ya juu."

Alionyesha chini kwa kidevu. Mlangoni pa ua palikuwa na dimbwi la siku zote, ambalo kila mgeni aliruka. Sasa halikuwepo. Pamejazwa vipande vyekundu, vimesagwa kwa nyundo na kushindiliwa vizuri, njia nzuri kavu mpaka verandani.

"Wasitie viatu yao kwa matope," alisema.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia kila kitu palepale, lakini wapangaji walikuwa wamesimama nyuma yake wamejipamba, binamu yangu amebeba sinia la soda, na wote walikuwa wananitazama wakisubiri nifurahi. Nikasema ni safi. Nikaenda kunawa uso.

Wageni walifika kabla ya saa nne, yule mtaalamu na wanaume wawili wa makamo. Walipita juu ya mategura ya babu na viatu vyao vikabaki safi, kama ilivyopangwa. Mtaalamu alikuwa na kurasa zangu tatu mkononi. Alisimama mbele ya ukuta, akatazama karatasi, akatazama ukuta, akatazama namba ya nyumba.

"Ni hapa?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Ni hapa."

"Paa uliloandika?"

Nilitazama chini. Yeye pia akatazama chini, na nikamwona ameelewa, maana alisogeza mguu kama mtu aliyekanyaga kitu cha mtu.

Mmoja wa wale wanaume alikuwa mchangamfu. Alimsifu mama mdogo kwa Kirundi na kwa Kiswahili. "Nyumba iko muzuri, Mama. Iko mupya kabisa."

"Ni kwa ajili yenu," mama mdogo alisema.

"Tunashukuru sana."

"Basi mtaiandika?"

Yule mwanamume akanywa soda. Mtaalamu alikuwa ameinama mbele ya ule mraba wa msalaba, anapiga picha. Alipiga nyingi, za karibu na za mbali, akapitisha vidole kwenye viungo vya matofali. Mama mdogo aliona haya sana. Alinivuta mkono na kuninong'oneza kwa hasira: "Mwambie asipige pale. Ni pale tu pabaya."

Walipokuwa wanaondoka nilimfuata mtaalamu hadi kwenye gari. Nilimwambia ndani kuna ukuta wa chumba cha watoto haujaguswa, nilimwambia lipu inaweza kubanduliwa, nilimwambia kona ya villa ya Kiriri ni ya mkono uleule. Nilisema maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ukurasa wa nyuma wa fomu, uliusoma?" aliuliza.

Nilikuwa nimeusoma. Uliandikwa kwamba jengo liwe katika hali yake ya asili. Niliusoma na nikauona wa maana, nikakunja karatasi.

"Ile villa pia ina jikoni mpya," nikasema. "Na bafu mpya. Nimeona mafundi wakiingiza."

"Ndani. Uso wa nyumba haukuguswa."

"Kwa sababu wenyewe wana ndani ya kutosha kurekebisha. Huyu ana uso tu."

Alivua miwani akaifuta, nadhani apate muda. Alisema ananielewa. Alisema atajaribu, na wenzake wawili watapiga kura. Sikumchukia. Ingekuwa rahisi kama ningeweza kumchukia.

Jibu lilikuja kwa barua kupitia Gitega, makao makuu ya serikali, yenye mihuri miwili. Jengo lilikuwa limepoteza sura yake ya asili kutokana na matengenezo ya karibuni na halikuweza kuorodheshwa. Niliisoma kwa sauti pale verandani, juu ya makaro meupe. Nilitafsiri polepole kutoka Kifaransa, na nilipofika kwenye neno la matengenezo sauti yangu ilibadilika. Mama mdogo alisubiri nimalize.

"Kwa hiyo kosa ni rangi," alisema.

"Rangi, mabati, madirisha. Yote."

"Walitaka ya zamani."

"Ndiyo."

"Ile yenye kuvuja."

"Ndiyo, mama mudogo. Ile."

Alichukua barua mkononi mwangu, akaikunja. Kisha alisema bila kupandisha sauti, na ndivyo ninavyomsikia hadi leo. "We ulijua. Ulisoma ile karatasi. Ungetuambia wanataka nyumba muchafu, si tungewaachia muchafu? Ni kazi gani kuacha kitu muchafu?"

Nilijitetea. Nilisema nilikuwa safarini, mafuta hayakuwepo, simu ilikatika. Nilisema nani anabomoa paa bila kuuliza. Alinijibu kwamba hajawahi kuuliza mtu ruhusa ya kusafisha nyumba ikiwa wageni wanakuja, na kwamba mimi mwenyewe nilisema ni watu wakubwa. Hapo alikuwa sahihi. Katika kurasa zangu zote tatu niliandika habari za msimamizi Mzungu na za mategura yaliyopasuka, nikawaandikia watu wasiowahi kuingia Jabe. Wenye nyumba niliwaachia sentensi tatu mlangoni, kisha nikaenda kupanda gari. Kwangu nyumba ile ilikuwa ya zamani, na nilidhani kila mtu anaona uzee uleule. Kwake ilikuwa nyumba inayovuja ambayo mwishowe wanawe waliipenda kiasi cha kuitengeneza.

Nilikata rufaa. Nilikaa wiki nzima nikibandua lipu upande wa nyuma kwa patasi ili nipige picha, na lipu ile ilikuwa imepigwa na fundi hodari, ikatoka na uso wa matofali. Ukuta ukabaki kama una ugonjwa wa ngozi. Mpangaji wa Uvira alipita na ndoo, akasimama. "Sasa haiko mupya, haiko ya zamani," alisema. "Kaka, hiyo umeifanya nini?" Nikaacha.

Barabara ilifika wakati wa kiangazi. Nyumba ilianguka asubuhi moja tu. Mabati mapya binamu yangu aliyashusha kabla, yako kwake Kibenga, na mama mdogo yuko kwake pia, katika chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Wapangaji walitawanyika, wengine Buyenzi, wengine walikwenda moja kwa moja mpakani na sijawaona. Nikienda Kibenga mama mdogo ananipokea vizuri na ananipa chakula. Hazungumzi juu ya Jabe. Mimi nikianza kuzungumza, anauliza nimetoka safari gani.

Mwezi uliopita nilikataa mzigo wa Rumonge. Nilikwenda kule kwa yule mtaalamu kuomba fomu nyingine, akanipa tano bila kuuliza. Barabara itaendelea mbele, na kwenye kipande kinachofuata kuna nyumba nne za matofali zenye misalaba. Ya kwanza ni ya mama mmoja mjane, muuza unga, ambaye mume wake alikuwa seremala na madirisha yote aliyatengeneza mwenyewe. Nilianza mwisho wa fomu, ukurasa wa nyuma. Kabla ya kumuuliza jina nilimwambia asipake kitu, asizibe kitu, asiondoe kitu, hata kama atasikia mkubwa gani anakuja.

Alinitazama vibaya. Habari za nyumba yetu zimezunguka mtaa mzima.

"Si ni we uliyebomolesha nyumba ya mamako mudogo?"

"Ni mimi."

"Na sasa unakuja kwangu unasema nikae na uchafu."

"Mpaka wapite tu, mama. Wakishapita, paka."

Alifikiri. Aliangalia madirisha, mbao zimepauka, bawa moja limefungwa kwa waya. Aliona aibu tayari, niliiona ikimpanda usoni, na wageni wenyewe bado hawajapewa hata siku.

"Sawa. Sitagusa," alisema. "Lakini pazia? Pazia mupya si naweza kutia?"

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa na ukurasa wa nyuma mkononi, na safari hii nilikuwa naujua kwa moyo.

"Tia," nikamwambia. "Lakini niite kwanza nione rangi."